Sola Goma: hasara huanzia kwenye kidhibiti

Goma haikosi wauza umeme. Ipo SNEL ya serikali, ipo Virunga Energies inayoleta umeme wa maji kutoka Matebe, na Nuru iliwasha mtambo wake wa sola wa megawati 1.3 pale Ndosho mwaka 2020. Hata hivyo, biashara ya paneli madukani haijapoa, na sababu inajulikana. Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, sehemu kubwa ya mji ilikosa umeme. Vita vya Januari 2025 vikauacha mji gizani tena, na maji ya bomba yakakatika. Mwenye saluni, mchaji simu, mwenye lori au boti ya Ziwa Kivu, wote wanataka umeme wa paa lao wenyewe.

Mteja akiingia dukani huuliza wati na bei ya paneli. Kidhibiti chaji, kile kisanduku kinachokaa kati ya paneli na betri, hununuliwa mwisho, kwa pesa iliyobaki. Hapo ndipo anapoumia.

Kidhibiti cha PWM, kile cha bei rahisi, huilazimisha paneli ifuate volti za betri. Paneli ndogo ya wati 100 hutoa takriban ampea 5.5 kwa volti 18. Ampea hizo hizo zikiingia kwenye betri yenye volti 13, zinabaki wati 72 hivi. Kwa taa, redio na simu, inavumilika. Sasa chukua paneli ya nyumba ya wati 250, volti 30, uifunge kwa PWM kwenye betri ile ile: utapata wati 108 tu. Zaidi ya nusu ya ulicholipia imepotea, na bado fundi atakushauri uongeze paneli.

Kidhibiti cha MPPT hugeuza volti za ziada kuwa ampea. Ni ghali, na ndiyo maana hughushiwa: PWM ya kawaida hubandikwa maandishi ya MPPT. Dawa yake ni multimita. Jua likiwa kali na betri haijajaa, pima ampea zinazotoka kwenye paneli ya volti 30, kisha zile zinazoingia kwenye betri. Zikilingana, umeuziwa PWM. Soma pia kikomo cha volti: paneli mbili za volti 22 zikiungwa mfululizo hufika 44, na baridi ya asubuhi huzipandisha zaidi. Kidhibiti kisichostahimili hapo huungua.

Wenye magari wana bahati moja. Ulaya, paneli iliyolazwa juu ya paa hupoteza nguvu nyingi wakati wa baridi. Hapa, chini ya digrii 2 kusini mwa ikweta, haipotezi karibu chochote. Nyumbani iinamishe digrii 10 hivi, mvua ioshe vumbi jeusi la volkano.

Kwa familia inayohitaji taa na simu tu, naona seti kamili ya malipo ya kidogo kidogo, aina inayouzwa na kampuni kama Bboxx na Altech, ni salama kuliko vipande vya kuokoteza, kwa kuwa vifaa vyake vimepangwa kufanya kazi pamoja. Anayenunua kwa vipande adai risiti inayotaja aina ya kidhibiti, ampea zake na kikomo chake cha volti. Anayehamia betri ya lithiamu ahakikishe kwanza kwamba kidhibiti chake kinaweza kupangwa kwa betri hiyo, kabla hajatoa dola.