"Hata mama alikuwa hivyo": Hedhi nzito huenda ni ugonjwa wa kurithi

Hebu dada, jiulize. Sodo moja inakukalia muda gani? Ikiwa unabadilisha kila baada ya saa moja au mbili, unavaa mbili pamoja ndipo upande matatu kutoka Kondele hadi tauni, unaamka usiku kuokoa shuka, na mabonge yanayotoka yanashinda sarafu ya mbao kwa ukubwa, hiyo si hedhi ya kawaida. Hata ile inayopita siku 7 si ya kunyamazia.

Lakini nani atakwambia? Shuleni tulifunzwa siku 28 na namna ya kutupa sodo, basi. Tangu 2017 sheria inaitaka serikali iwape wasichana wa shule sodo za bure. Poa sana, zikifika. Ila pakiti ya sodo 8 kwa mtu anayemaliza 10 kwa siku ni mzaha.

Ukiuliza nyumbani unaambiwa: "Usijali, hata mimi nilikuwa hivyo, na nyanya yako pia." Mama anakutuliza tu. Lakini lisikilize jibu hilo tena, maana huenda amekutajia ugonjwa bila kujua.

Kuna watu ambao damu yao haigandi inavyofaa, na hali hiyo hurithiwa. Unaojitokeza zaidi ni ugonjwa wa von Willebrand, uliopewa jina la daktari wa Ufini, Erik von Willebrand. Mwaka 1926 aliandika kuhusu msichana wa visiwa vya Åland ambaye ndugu zake kadhaa pia walikuwa wakivuja damu. Alipomwona mara ya kwanza alikuwa na miaka 5. Alifariki akiwa na 13, katika hedhi yake ya nne.

Ukijikata, chembe ndogo za damu hukimbilia jeraha kuliziba, na kuna protini inayozigandisha hapo kama gundi. Gundi ikiwa haba au mbovu, damu huendelea kutoka. Wanaume pia wanaupata, lakini mwanamume anaweza kukaa miaka bila kujua hadi ang'olewe jino. Wewe mtihani wako ni kila mwezi. Hata hemofilia, tunayoambiwa ni ya wavulana, inaweza kumvujisha damu dada aliyebeba jeni yake.

Huku ziwani kuna mtego mwingine. Kuanzia Kisumu hadi Port Victoria kule Bunyala, msichana akiishiwa nguvu na kuhema akipanda ngazi, ni malaria. Isipokuwa malaria, ni kichocho au selimundu. Mara nyingi ni kweli, magonjwa hayo yapo na hupunguza damu. Basi anapewa vidonge vya madini ya chuma, damu inapanda, mwezi ujao inashuka tena. Hakuna aliyemuuliza kuhusu hedhi, naye, baba yake akiwa ameketi hapo kando, hawezi kulianzisha.

Lianzishe wewe. Andika kwa simu: siku ngapi, sodo ngapi. Taja pia pua inayovuja, ufizi, alama za damu kuvilia bila kugongwa, na jamaa waliovuja sana baada ya kujifungua. Si lazima iwe damu kutoganda. Inaweza kuwa homoni ambazo hazijatulia, hasa miaka ya kwanza, au uvimbe kwenye kizazi, au koili ya shaba. Lakini ukiona kizunguzungu huku damu inamwagika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kipimo cha von Willebrand hakifanywi katika kila maabara. Hapa Kisumu anzia Jaramogi, ile tunayoiita Russia, uulizie rufaa. Hospitali za Kenyatta jijini Nairobi na Moi kule Eldoret zina kliniki za hemofilia. Protini hiyo hupanda ukiwa mgonjwa au una msongo, kwa hivyo jibu moja zuri halimalizi maneno.

Dawa zipo. Kuna ya traneksamiki, ambayo hulinda damu iliyoganda isiyeyuke mapema, na kuna tembe za homoni, zile za kupanga uzazi. Mama akishtuka kuziona, mweleze kazi yake. Epuka aspirini na ibuprofeni kwa maumivu, maana huzidisha kuvuja. Uliza kuhusu parasetamo. Na ukipatikana nao, ndugu zako wapimwe, makaka wakiwemo, na daktari wa meno aambiwe kabla hajashika koleo.