Dhamana Isiyotajwa katika Mikopo ya Mtandaoni

Kabla ya msimu wa ununuzi wa pamba kufunguliwa, fedha huwa adimu katika kaya nyingi za Bariadi na wilaya jirani za Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Mkopo wa mtandaoni, upatikanao kwa dakika chache bila mdhamini wala hati ya shamba, huonekana kuwa msaada mkubwa. Hata hivyo dhamana ipo, ila haitajwi.

Programu ya mkopo ikishapakuliwa, huweza kuomba ruhusa ya kusoma majina na namba zilizomo simuni, ujumbe mfupi, picha na mahali ulipo. Ukiruhusu, orodha yako yote huweza kunakiliwa na kuhifadhiwa na mkopeshaji. Ujumbe wa miamala humwonesha kipato chako. Ukichelewa kulipa, mkopeshaji asiye mwaminifu huwatumia mwajiri, wakwe na majirani zako ujumbe wa kukudhalilisha. Aibu hiyo ndiyo dhamana. Watu hao hawakukopa, wala hawakuridhia namba zao zitumike.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali na la wazi, na kwa kiasi kinachohitajika tu. Kudaiwa hakukuondolei haki hiyo, ingawa kukiukwa kwa haki hakufuti deni. Mwezi Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Tunamshauri mtumiaji yafuatayo:

1. Kabla ya kupakua programu, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu.

2. Kataa ruhusa ya kusoma majina, picha na ujumbe. Programu isiyokubali kukuhudumia bila kupewa namba za ndugu zako, iache.

3. Ikiwa ulikwisha kuruhusu, fungua Mipangilio, kisha Programu, kisha Ruhusa, uiondoe. Kufuta programu pekee hakurejeshi kilichokwisha kuchukuliwa. Mtake mkopeshaji kwa maandishi afute taarifa asizostahili kuwa nazo.

4. Ukidhalilishwa, hifadhi ujumbe, namba iliyoutuma na tarehe, kisha wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Jirani aliyetumiwa ujumbe huo naye anaweza kulalamika, kwa kuwa namba iliyotumika ni yake.