Je, Wajua? Mguu Ukiuma, Tazama Kichwa!

Je, wajua farasi hutembea kwa ncha ya kidole kimoja? Ndiyo, kila mguu una kidole kimoja tu, na ukwato ndio ukucha wake! Na lile "goti" la mbele? Kwa mifupa, ni kifundo cha mkono, hapo unapovalia saa.

Farasi wa kilo 500 akisimama tu, miguu ya mbele hubeba karibu kilo 300. Basi usishangae kwamba kuchechemea kwingi hutokea mbele, na mara nyingi ndani ya ukwato.

Je, wajua kichwa ndicho mtoa siri? Mguu wa mbele unaouma ukigusa chini, kichwa hupanda. Mguu mzima ukikanyaga, kichwa hushuka. Hebu mtazame akikimbia polepole, utaona mwenyewe!

Marekani, madaktari wa farasi hutoa alama za kuchechemea: 0 hadi 5. Sifuri ni mzima kabisa. 5 ni yule ambaye karibu hakanyagi.

Farasi hasemi anaumwa wapi, kwa hiyo daktari humhoji kwa sindano! Hutia ganzi chini, karibu na ukwato, kisha hupanda hatua kwa hatua. Akiacha kuchechemea ghafla, penye maumivu pamejulikana.

Unamwona hakanyagi, unadhani kavunjika? Huenda ni jipu dogo tu ndani ya ukwato! Usaha ukitolewa, anaweza kutembea vizuri baada ya siku chache.

Sikia hili: farasi akivamia gunia la nafaka, anaweza kuumwa miguu! Mdomo umekula, kwato zinalipa: tishu zinazoshika mfupa ndani ya ukwato huvimba na kuachia. Dawa ya mapema mojawapo? Barafu, miguu izamishwe humo!

Ukwato hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi. Ufa ulioanzia juu leo unaweza kuchukua karibu mwaka mzima kufika chini. Ndiyo maana fundi wa kwato huitwa kila wiki 6 hadi 8, hata kama farasi havai viatu vya chuma.

Je, wajua ushauri wa kukinga kwato una zaidi ya miaka 2,300? Xenophon, Myunani, alishauri mawe ya mviringo yatandazwe nje ya zizi, farasi akanyage kila siku kwato zikomae.

Huna farasi? Punda je? Huko Lamu, punda wana kliniki yao tangu 1987! Punda ni hodari wa kuficha maumivu, kwa hiyo ukimwona anachechemea, jua ameshavumilia mengi. Mshushe mzigo kwanza, kisha inua ukwato utazame: huenda ni kijiwe tu.