Je, Wajua? Jiwe la Samuel Johnson

Je, wajua kwamba mwaka 1710 kijana wa miaka 25 kutoka Ireland, George Berkeley, alichapisha kitabu akidai kuwa maada haipo? Kwake yeye, meza, mti na mlima vipo kwa sababu vinatambuliwa na akili. Na chumba kikibaki bila mtu, meza hutoweka? La. Berkeley, ambaye baadaye alikuwa askofu, alijibu kuwa Mungu huviona vyote wakati wote.

Wengi walimcheka. Mwaka 1763, miaka 10 baada ya Berkeley kufariki, mwandishi Samuel Johnson alitoka kanisani mjini Harwich, Uingereza, akalipiga teke jiwe kubwa kwa nguvu hadi mguu ukarudi nyuma, akatangaza kuwa ameshampinga. Teke hilo ni maarufu mpaka leo, lakini kwa kweli halikujibu kitu. Ule ugumu alioukuta mguuni ni hisia, na Berkeley hakuwahi kukana hisia hata moja. Alichokikana ni kile kinachodhaniwa kujificha nyuma ya hisia, kisichoonwa wala kuguswa na yeyote.

Mji wa Berkeley, California, wenye chuo kikuu mashuhuri, umepewa jina lake.