Namba ya Bunduki: Maana Yake na Jinsi Ipimwavyo

Siku moja tuliandika namba tatu ubaoni: 12, 303 na 7.92. Tukawaambia wanafunzi wetu, "Hizi ni namba za bunduki tatu. Ipi yenye tundu pana kuliko zote?" Wakajibu kwa sauti moja, "Ya 303, Mwalimu!" Kumbe ni ile ya 12, tena yazishinda nyingine kwa mbali.

Hawakukosea hesabu. Walisahau kuuliza kwanza, "Namba hii ni ya kipimo gani?" Mtu akikwambia kuwa ameuza karafuu kumi, hujui kama ni frasila kumi au ratli kumi. Namba isiyo na kipimo haisemi neno.

Kinachopimwa ni upana wa tundu la kasiba, yaani lile bomba la chuma ipitamo risasi. Upana huo hutajwa kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya mizani, nayo ni ya zamani sana. Twaa ratli moja ya madini ya risasi, uigawe mafungu 12 yaliyo sawa, na kila fungu ulifanye kidonge cha mviringo. Bunduki ambayo kidonge kimoja chaenea barabara katika kasiba yake ndiyo ya namba 12. Ukiigawa ratli mafungu 20, vidonge vitakuwa vidogo zaidi. Kwa hiyo bunduki ya namba 20 ina tundu jembamba kuliko ya 12. Ndivyo zihesabiwavyo bunduki za marisau mpaka leo. Upana wa namba 12 ni kadiri ya milimita 18.5, na wa namba 20 ni kadiri ya milimita 15.6.

Njia ya pili ni ya inchi. Igawe inchi moja sehemu 1,000, kisha hesabu 303. Huo ndio upana wa bunduki waliyokuwa nayo askari wa Kiingereza katika vita vikuu viwili. Njia ya tatu ni ya milimita. Bunduki ya Kijerumani iitwayo Mauser ilikuwa ya milimita 7.92. Kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4, ile ya 303 ni kama milimita 7.7. Basi tofauti yao haitimii hata robo ya milimita.

Lakini hapa pana jambo la kuangalia. Ndani ya kasiba ya bunduki hizo mna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, na kati ya mifereji mna matuta. Namba ya 303 ilipimwa kutoka tuta mpaka tuta, wala si mfereji mpaka mfereji. Risasi yenyewe ni nene kidogo, kadiri ya sehemu 311, ili matuta yaikamate na kuizungusha kama pia ya watoto. Pia ikizunguka husimama wima. Risasi ikizunguka hwenda moja kwa moja.

Je, tofauti ndogo hivi ina maana gani? Na tutazame ng'ambo ya mkondo wetu wa Pemba, kule Tanga, mwezi wa Novemba 1914. Askari wengi wa Kijerumani walikuwa bado na bunduki za kale za mfano wa 1871, zenye upana wa milimita 11, za baruti nyeusi. Moshi wake ulimwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Waingereza waliposhindwa na kurudi merikebuni, waliacha pwani bunduki 455, bombom 16 na risasi zipatazo 600,000. Risasi hizo hazingefaa kitu katika bunduki za Wajerumani, kwa maana ganda la 303 halienei katika Mauser. Zilikuwa mali kwa sababu zilipatikana pamoja na bunduki zake. Von Lettow-Vorbeck aliweza kuwapa askari wa kampuni tatu na zaidi silaha mpya.

Tena, upana peke yake hautoshi. Ziko risasi mbili mashuhuri, zote za milimita 7.62, lakini ganda la moja lina urefu wa milimita 39, na la pili milimita 51. Jina ni moja, bunduki ni mbali mbali.

Kosa la namba laweza kuua. Ganda la namba 20 likitiwa katika bunduki ya namba 12 huteleza, likakwama ndani ya kasiba. Mwenyewe akidhani kuwa bunduki ni tupu, akatia la 12 nyuma yake na kufyatua, kasiba hupasuka mkononi mwake.

Nanyi watoto, mkiokota risasi shambani au ufukoni, msiipige kwa jiwe wala msiitie motoni, hata ikiwa imeshika kutu. Uzee wa ganda si dalili kuwa baruti imekufa. Iacheni pale pale, mkampe habari Sheha au polisi. Kujua kuisoma namba yake ni elimu. Kuijaribu ni upumbavu.