Kimea Si cha Pombe Tu

Siku moja ya kupima watoto hapa Kakese, mama mmoja alinipa kadi ya mwanawe wa miezi kumi huku ameinamisha uso. Mstari wa uzito ulikuwa umelala miezi mitatu. "Anakula, sista. Kikombe anamaliza." Nilimwamini. Uji wenyewe ulikuwa mwepesi, maana ule mzito mtoto anautema. Na msimu wa mpunga mama hushinda majarubani, mtoto akalishwa na dada yake mara mbili tu kwa siku.

Unga ukipikwa, wanga wake hunywa maji na kuvimba. Uji wa kunyweka hubeba gramu 50 hivi za unga kwa lita. Ukizidisha, unaelekea kuwa ugali. Tumbo la mtoto ni dogo. Linajaa maji.

Nilimshauri atumie kimea cha ulezi. Akashtuka: "Sista, sisi si watu wa kanisa?" Simlaumu, maana kimea kikitajwa watu huwaza pombe. Lakini kileo hutokana na hamira inayokula sukari wakati wa kuchacha. Uji uliopikwa na kuliwa saa ile ile hauna kileo.

Mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya vya kukata wanga, ili mche upate sukari. Wanga ni mnyororo mrefu, na kimeng'enya ni mkasi: kinakata, kinaachia, kinakata tena, na chenyewe hakiliki. Wakemia hukiita kichocheo. Ndiyo maana kijiko kidogo cha chai kinatosha bakuli zima. Hata mate yetu yanacho; tafuna ugali kwa muda bila kumeza, utaonja utamu.

Mwaka 1983 A. C. Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Ulf Svanberg wa Sweden waliandika juu ya jambo hili. Kwa kimea, unga unaweza kufika gramu 200 kwa lita na uji bado ukanyweka.

Loweka ulezi usiku mmoja, uchuje, uufunike kwa kitambaa kibichi siku mbili au tatu hadi uchipue. Anika juani, pukusa machipukizi, saga. Usikaange. Wenye ukungu tupa. Mtama mimi siutumii, kwa kuwa machipukizi yake yana sumu.

Pika uji mzito uive, uepue, upoe kidogo, ndipo utie kimea. Ukikitia kwenye uji unaochemka, moto huharibu vimeng'enya na uji hubaki vile vile. Koroga dakika chache. Ukishalegea, uchemshe tena dakika tano kuua vijidudu. Mkasi umeshamaliza kazi, moto hauna hasara tena. Karanga zilizosagwa au dagaa viendelee kutiwa, na mtoto aendelee kunyonya.

Nilimpikia yule mama mbele ya macho yake. Uji ulipolegea, alinyanyua sufuria ya maji iliyokuwa pembeni akatazama kama yamepungua.