Mbilia Bel na Tshala Muana: Mitindo Miwili ya Uimbaji na Msikilizaji wa Masisi na Walikale

Katika mijadala kuhusu muziki wa dansi wa Kongo, waimbaji wa kike hutajwa aghalabu kwa uzuri wa sauti zao na kwa majina ya wanaume waliowatungia nyimbo, kisha hoja huishia hapo. Makala haya yanakusudia kuwatazama wawili kati yao, Mbilia Bel na Tshala Muana, kwa upande wa fani, yaani namna wimbo wa kila mmoja ulivyojengwa na kile ambacho ujenzi huo humdai msikilizaji. Tutafanya hivyo tukiwa tumesimama mahali mahsusi, katika wilaya za Masisi na Walikale, Kivu ya Kaskazini. Huko nyimbo za waimbaji hawa hufika zikiwa katika lugha ya watu wengine, na kwa sababu hiyo tofauti ya fani kati yao huonekana wazi zaidi kuliko inavyoonekana Kinshasa.

Yafaa kwanza tueleze hali ya lugha mahali hapo. Masisi ni nchi ya milima na malisho ya ng'ombe. Lugha za nyumbani ni Kihunde na Kinyarwanda. Walikale, iliyo kubwa kuliko wilaya zote za jimbo hilo, ni nchi ya misitu. Huko husemwa Kinyanga na Kikumu, na Kitembo husikika upande wa kusini. Juu ya lugha hizi zote kimetanda Kiswahili, ambacho ni lugha ya soko, ya kanisa, na ya safari. Kilingala kiliingia kwa mlango mwingine. Tangu enzi za Wabelgiji kilikuwa lugha ya jeshi, na katika utawala wa Mobutu kikazidi kuwa hivyo. Ikumbukwe kwamba wilaya hizi mbili zimejuana na askari kwa karibu mno: mapigano ya mwaka 1993 yalianzia katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, yakaenea Masisi, na vita vikarudi mara kwa mara hata mwaka 2025, ambapo miji mikuu ya wilaya zote mbili ilitwaliwa na waasi wa M23. Hivyo Kilingala kilikuwa na nyuso mbili. Lugha ileile iliyomwamuru mtu asimame kizuizini ndiyo iliyombembeleza redioni. Jambo hili halina budi kukumbukwa tunapoisikiliza sauti ya Mbilia Bel.

Habari za maisha ya waimbaji wenyewe tutazipitia kwa ufupi. Tshala Muana alizaliwa Lubumbashi mwaka 1958, katika jamaa ya Waluba wa Kasai, na akafariki Kinshasa Desemba 2022. Mbilia Bel alizaliwa Kinshasa mwaka 1959. Linalofaa kuangaliwa ni kwamba wote wawili walianzia katika kundi la mwanamke aliyewatangulia. Mbilia Bel aliingia katika kundi la Abeti Masikini, mzaliwa wa Kisangani, mwaka 1976. Tshala Muana alianza mwaka 1977 akiwa mchezaji katika kundi la M'Pongo Love. Mmoja alijifunza kazi kwa kuitikia nyuma ya mwimbaji, mwingine kwa kucheza mbele ya hadhira, na mwandishi wa makala haya anaamini kwamba mitindo yao haikuusahau kamwe mwanzo huo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mbilia Bel alijiunga na Afrisa International, bendi ya Tabu Ley Rochereau, na nyimbo nyingi zilizompa sifa zilitoka katika kalamu ya Tabu Ley. Rumba ya Afrisa ina sehemu mbili zinazojulikana vizuri. Kwanza huja sehemu ya maneno, yenye mwendo wa taratibu, ambapo hadithi husimuliwa. Kisha gitaa hushika usukani na wachezaji huinuka. Ustadi wa Mbilia Bel umo hasa katika sehemu ya kwanza. Sauti yake ni nyembamba, safi, ya juu, nayo huubeba mstari mrefu wa maneno bila kuukata. Hapigi kelele hata pale maneno yanapolalamika. Mstari hupanda, hukaa kidogo juu, kisha hushuka polepole, na mara nyingi maana ya sentensi hukamilika palepale sauti inaposhuka. Asiyeifuata sentensi amepoteza nusu ya wimbo.

Wimbo wa "Mpeve ya Longo" wa mwaka 1982 ni mfano mzuri. Jina lake ni la Kikongo, na maana yake ni Roho Mtakatifu, lakini maudhui yake ni mke aliyeachwa na mumewe akabaki kulea watoto peke yake. Hii ni hadithi, si wito wa kucheza. Ina mhusika, ina kisa, ina shauri linalopelekwa mbele ya Mungu kwa kuwa binadamu hawasikii. Tena ni hadithi ya mwanamke iliyoaminika kwa wanawake kwa sababu ya sauti iliyoisema. Maneno yakitungwa na mwanamume na kutamkwa na mwanamke, nani mwenye malalamiko hayo? Wahakiki wengine wamependa kumnyima mwimbaji haki hiyo. Sisi tunaona kwamba katika sanaa ya kuimbwa, anayeamua neno lipi livutwe na lipi lipitwe kwa haraka ana sehemu kubwa ya utunzi.

Sasa tumchukue msikilizaji wa Masisi asiyekijua Kilingala vizuri, na tumpe wimbo wa "Eswi yo wapi" wa mwaka 1983. Katika jina hilo neno moja tu atalitambua mara moja, nalo ni *wapi*, ambalo Kilingala kinalitumia pamoja na Kiswahili. Neno *eswi* litampita, kama litakavyompita *yo*, lenye maana ya "wewe". Kwa hiyo anajua kwamba kuna swali na kwamba swali linahusu mahali, lakini hajui kwamba mwanamke huyu anauliza, "Imekuuma wapi?" Ni swali la kejeli, na bila kitenzi kejeli yote imekwenda na maji. Akiendelea kusikiliza atakutana na viambishi vinavyomdanganya. *Na-* ya Kilingala ni nafsi ya kwanza umoja. Katika Kiswahili cha Kongo *naenda* nayo ni nafsi hiyohiyo, lakini kwa njia nyingine, kwa kuwa hapo *na-* imebeba nafsi na wakati kwa pamoja. Katika "Nakei Nairobi" ataipata maana kwa bahati, maana *nakei* na *naenda* zimefuatana vizuri na jina la mji linajieleza. Kwingineko bahati hiyo haitamfikia. Fani ya Mbilia Bel, basi, humhitaji mfasiri: mfanyabiashara aliyekaa Kisangani, mwanafunzi aliyerudi kutoka Kinshasa, au askari yuleyule wa kizuizini, ambaye jioni anaweza kuulizwa maana ya wimbo na akajibu kwa upole.

Tukimgeukia Tshala Muana, tunakuta jengo la namna nyingine. Yeye aliutoa mutuashi, ngoma ya Waluba wa Kasai ichezwayo kwa kiuno, akauingiza katika muziki wa bendi na wa studio, kwanza Afrika ya Magharibi na baadaye Paris. Lugha yake kuu ilikuwa Kiluba cha Kasai, na lugha hiyo ni ngeni kwa msikilizaji wa Walikale kuliko hata Kilingala. Mtu angetazamia kwamba nyimbo hizi zingemfungia mlango kabisa. Lakini ujenzi wake hautegemei sentensi ndefu. Kipande cha maneno ni kifupi, hurudiwa, hujibiwa na waitikiaji, kisha hurudishwa na badiliko dogo. Sauti yake ni nzito kuliko ya Mbilia Bel, ina ukwaruzo kidogo, na mara nyingi hukaa juu ya mapigo kama mtu anayesukuma, pale Mbilia Bel angeelea juu yake. Mapigo yenyewe mara nyingi hugawanyika kwa tatu, na magitaa huyazunguka kwa vipande vifupi vinavyojirudia. Hakuna mpaka mkali kati ya sehemu ya maneno na sehemu ya kucheza, kwani kucheza kumeanza tangu mwanzo. Jina la wimbo wake mmojawapo, "Malu", kwa Kiluba ni "mambo", neno linaloweza kubeba shitaka lolote bila kulieleza.

Jengo hili la kutoa na kupokea si geni Walikale. Mwaka 1956 mtaalamu wa Kibelgiji Daniel Biebuyck aliandika huko, kutoka kinywani mwa mghani wa Kinyanga aliyeitwa Rureke, utendi wa Mwindo, uliochapishwa mwaka 1969 kwa ushirikiano na Kahombo Mateene, mwanaisimu wa Kinyanga ambaye baadaye aliongoza Ofisi ya Lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala. Kwa mujibu wa kazi hiyo, mghani hakai akasimulia tu. Husimulia, huimba, hucheza, hutikisa kayamba ya kibuyu, na waliomzunguka humwitikia na kumpigia mdundo. Mwili wake ni sehemu ya maana. Hatusemi kwamba Tshala Muana na mghani wa Kinyanga wana asili moja; Kasai ni mbali, na utendi si ngoma ya kiuno. Tunachosema ni kwamba msikilizaji aliyelelewa katika desturi ya kuitikia anajua la kufanya anapousikia mutuashi, hata kama hajui neno moja. Anapewa nafasi yake ndani ya wimbo. Kwa Mbilia Bel nafasi yake ni ya kusikiliza.

Hapa pana hatari ya kuhukumu upesi. Yuko atakayesema kwamba, ikiwa hivyo ndivyo, basi Tshala Muana ni wa kuchezwa na Mbilia Bel ni wa kufikiriwa, na kwa hakika walimu na wahubiri wengi wamesema hivyo kwa sababu ya kile kiuno. Hukumu hiyo haikubaliki. Kitu kinachorudiwa si lazima kiwe chepesi. Methali hurudiwa, na kukemea hurudiwa. Mwaka 2020 Tshala Muana alitoa wimbo ulioitwa "Ingratitude", yaani utovu wa shukrani, uliozungumza juu ya mwanafunzi aliyemsahau aliyemwinua. Hakutaja jina la mtu. Wengi waliuelewa kuwa unamsema Rais Tshisekedi kwa ajili ya Kabila aliyemtangulia, na mwezi wa Novemba mwimbaji alikamatwa na idara ya usalama, akaachiliwa siku iliyofuata. Ni nadra kwa wimbo wa kusimulia, wenye mhusika na kisa kilichokamilika, kuleta hofu ya namna hiyo. Mafumbo mafupi huleta hofu kwa sababu kila msikilizaji huyajazia mwenyewe. Kwa upande mwingine, malalamiko ya mke katika "Mpeve ya Longo" yalihitaji kusemwa kikamilifu, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa nguvu yake imo katika kutoacha jambo lolote likisiwe. Mwanamke wa Masisi aliyetafsiriwa wimbo huo alipata kitu ambacho mutuashi haukukusudia kumpa: Kilingala kikinena upande wa aliyeonewa.

Limebaki suala la Kiswahili chenyewe, ambalo kwa wasomaji wa jarida hili huenda ndilo la kupendeza zaidi. Kila mmoja wa waimbaji hawa ana wimbo wenye jina la Kiswahili. Mbilia Bel aliimba "Shauri yako", wimbo wa Nguashi Timbo uliokwisha kupata umaarufu Afrika ya Mashariki kwa Super Mazembe, bendi ya Wakongo iliyokaa Nairobi. Tshala Muana ana "Karibu yangu". Namna lugha ilivyotumika katika nyimbo hizo mbili inafuata tofauti ileile tuliyoieleza. Katika "Shauri yako" maneno mawili ya Kiswahili yamepandwa ndani ya usimulizi wa Kilingala kama msumari: msikilizaji wa Walikale huyasubiri, huyapata, kisha hurudi gizani. Katika "Karibu yangu" Kiswahili hakikupandwa kama pambo. Kimeshika kazi ya kuita, nayo ndiyo kazi ambayo Kiluba hufanya katika nyimbo zake nyingine.

Mwalimu wa Kiswahili sanifu atakunja uso kwa majina yote mawili. Shauri ni la ngeli ya *li-/ya-*, kwa hiyo ilipasa kuwa "shauri lako". Na *karibu* hufuatwa na *na*, kwa hiyo ilipasa kuwa "karibu nami". Hata hivyo "shauri yako" husemwa kila siku Nairobi na hata Dar es Salaam. Na "karibu yangu" ni sarufi ya kawaida katika Kiswahili cha Kongo, iliyojengwa kwa mfano wa *mbele yangu* na *nyuma yangu*. Humaanisha "jirani nami, hapa nilipo". Asiyelijua hilo hudhani ni neno la kukaribisha wageni lililopewa kimilikishi kwa makosa, na hivyo huukosa wimbo mzima, ambao ni wa mtu anayetaka mwingine asogee. Msikilizaji wa Masisi, ambaye kwa Mbilia Bel alihitaji mkalimani, hapa angeweza kuwa mkalimani wetu.